Upinde wa shabaha ya mita 70: pima mwili, chagua mshale, upinde uje mwisho

Wengi wanaotaka kuunda upinde wa shabaha huanza na swali la upinde wenyewe: ni wa aina gani, umetengenezwa kwa kitu gani, unauzwa wapi. Mimi huwarudisha nyuma hatua mbili. Upinde unaoweza kupeleka mishale sita mahali pamoja kwenye umbali wa mita 70 huanza na urefu wa mikono ya yule atakayeuvuta, ukafuata mshale unaolingana na mvuto wake, na upinde ukaja mwisho, ukiwa umechaguliwa na kurekebishwa ili uutumikie mshale huo. Anayepindua mpangilio huu hujikuta na vifaa vizuri visivyopatana, kisha hutumia mwaka mzima akilaumu mkono wake kwa kosa lililofanyika siku ya kununua.

Upinde ninaouzungumzia hapa ni ule wa Olimpiki, wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele, unaofunguka vipande vitatu: mpini wa katikati, ambao kwa kawaida ni wa aluminiamu, na mbawa mbili zinazochomekwa juu na chini. Ndio upinde aliouvuta Shehzana Anwar alipoiwakilisha Kenya kule Rio de Janeiro mwaka 2016, ambako pia alibeba bendera ya taifa katika sherehe ya ufunguzi. Mpini na mbawa utaagiza kutoka nje, kwa kuwa hakuna karakana ya mtaani inayoweza kuvitengeneza kwa usahihi unaohitajika. Hata hivyo kishikio, upote (yaani kamba ya upinde) na ukamilishaji wa mishale ni kazi zinazofanyika hapa Mombasa bila shida, na kwa maoni yangu hizo tatu ndizo zinazoamua zaidi kama upinde utakuwa wako kweli au utabaki kuwa upinde wa mtu yeyote.

Kabla ya yote, ielewe shabaha yenyewe. Kwa mita 70 uso wa shabaha una kipenyo cha sentimita 122, umegawanywa katika duara kumi, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 6.1. Duara ya alama kumi, iliyo katikati ya eneo la njano, ina kipenyo cha sentimita 12.2, sawa na sahani ya kikombe cha kahawa, na kitovu chake kimeinuliwa sentimita 130 kutoka ardhini. Mwaka 2019 mjini Lima, Mmarekani Brady Ellison alipata alama 702 kati ya 720 kwa mishale 72, maana yake karibu kila mshale uliangukia ndani ya ile njano. Sikutaji kiwango hicho ili kumvunja mtu moyo. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kifaa hiki kinaweza kufanya nini kikishapatana na mwili wa mwenyewe.

Vipimo vya mwili

Simama ukiwa umegusa ukuta kwa mgongo, nyosha mikono yote miwili pembeni, na mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili. Gawanya kipimo hicho kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata 68, ambazo ni karibu inchi 27, na huo ndio urefu wake wa mvuto kwa makadirio. Kipimo cha kweli hupatikana kwa kuvuta. Azima upinde mwepesi wa kujifunzia, wa pauni 18 au 20, weka mshale mrefu, vuta hadi upote uguse kidevu na ncha ya pua, na mwenzako atie alama kwa kalamu kwenye wano, yaani ule mti wa mshale, pale lilipo sambamba na sehemu ya kishikio inayobonyea zaidi. Rudia mara kumi, kwa sababu mara tatu za mwanzo mwili huwa bado unajinyoosha. Urefu kutoka pengo la nyuma la mshale hadi alama hiyo, ukiongeza inchi 1.75, ndio urefu wa mvuto kwa kanuni wanayoitumia watengenezaji wa pinde.

Uzito ulioandikwa kwenye mbawa, yaani nguvu ya kuuvuta upinde, hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi inayopungua huondoa karibu pauni mbili, na kila inchi inayozidi huongeza kiasi hicho hicho, hivyo mbawa za pauni 36 mikononi mwa mtu wa inchi 27 zitampa kama pauni 34. Mtu mzima anayeanza hana sababu ya kuvuka pauni 28. Mita 70 hufikika kwa raha kuanzia pauni 34 hivi, na wanaume wengi wa ngazi ya juu duniani huvuta kati ya 45 na 50, lakini wamefika huko kwa miaka. Kipimo ninachokitumia ni hiki: vuta kikamilifu, shikilia kwa sekunde kumi, pumzika, rudia mara sita. Mkono ukianza kutetemeka kabla ya mara ya sita, mbawa hizo ni nzito kwako kwa sasa, na hakuna fahari itakayobadilisha hilo. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakirudi nyumbani na mabega yaliyochanika kwa kuharakisha pauni sita tu.

Urefu wa upinde hufuata urefu wa mvuto. Mpini wa kawaida ni wa inchi 25. Ukiufunga mbawa fupi upinde unakuwa wa inchi 66, za wastani unakuwa 68, na ndefu 70. Mwenye mvuto usiozidi inchi 26 atafaa wa 66, wa kati ya 26 na 28 atafaa wa 68, na anayezidi hapo achukue wa 70. Upinde mfupi mno hubana vidole kwenye pembe ya upote, na vidole vilivyobanwa haviachii sawasawa.

Mshale ndio mwenye kauli

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda mrefu zaidi.

Mshale unapoachiwa kwa vidole hautoki ukiwa umenyooka. Upote unaposukuma kutoka nyuma, vidole huuteleza kidogo pembeni, na wano hupinda, likapinduka upande wa pili, likaendelea kujipinda hivyo kama samaki majini hadi manyoya yalitulize. Kupinda huko ndiko kunakouwezesha mshale kuuzunguka mpini bila kuugonga. Wano likiwa gumu mno halipindi vya kutosha, likiwa laini mno linapinda kupita kiasi, na kwa namna zote mbili mkia wa mshale utagusa mpini au utatoka ukiwa umeelekea kando. Kwa hiyo ugumu wa wano ni lazima ulingane na uzito wa mvuto, urefu wa wano na uzito wa kigumba, yaani ncha ya mbele ya mshale, kwa pamoja. Kikibadilika kimoja, hesabu nzima hubadilika.

Ugumu huo huandikwa kwa nambari kwenye wano. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, likaning'inizwa katikati uzito wa gramu 880, na kiasi linachobonyea hupimwa kwa elfu za inchi. Wano la 500 limebonyea nusu inchi, yaani milimita 12.7, la 700 limebonyea zaidi, kwa hiyo ni laini zaidi. Wanaoanza huchanganyikiwa hapa, wakidhani nambari kubwa ni ugumu mkubwa. Tumia jedwali la mtengenezaji wa mawano hayo, ukiingiza pauni unazozivuta kweli kwenye mvuto wako, wala si zile zilizochapishwa kwenye mbawa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kupitia duka moja mawano kumi na mawili ya 600, nikaletewa ya 400, na kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kufuma sikuisoma nambari hadi nilipokuwa nimeshayakata na kuyabandika vigumba. Kwa wiki tatu mishale yote ilikwenda kushoto, na kwa wiki tatu nilijisahihisha vidole, bega, hata namna ya kusimama. Soma nambari iliyo kwenye kila wano, moja baada ya jingine, kabla ya kulitia msumeno.

Katika kukata, acha wano livuke mbele ya kipumziko cha mshale kwa kama inchi moja na nusu ikiwa bado mvuto wako haujatulia, kwa kuwa wano refu hukatika tena lakini fupi halirefuki. Mawano ya kaboni hukatwa kwa gurudumu la kusagia linalozunguka kwa kasi, huku unaligeuza wano polepole, ukiwa umevaa barakoa na miwani, kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu na macho. Msumeno wa mkono huchana nyuzi zake na kuacha ufa usioonekana, na wano lenye ufa linaweza kupasuka wakati wa kuachiwa, likaingia mkononi. Baada ya kukata, laini mdomo kwa msasa mwembamba na uusafishe kwa spiriti. Kigumba hubandikwa kwa gundi ya kuyeyushwa kwa moto: kipashe joto kigumba chenyewe, usipashe wano, kwa sababu moto mkali huua gundi iliyoshikanisha nyuzi za kaboni.

Kisha peleka mishale kwa sonara. Sisemi mzaha. Masonara wa Mombasa wana mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na wengi hawakatai kukupimia ukiwaendea saa ambayo duka limetulia. Sonara wangu alipoiona mara ya kwanza aliipanga mishale yote kumi na miwili juu ya kitambaa cha bluu, akaipima mmoja mmoja kana kwamba ni mikufu, na akaandika uzito wa kila mmoja kwenye kipande cha karatasi. Mizito miwili ilitofautiana na mingine kwa karibu gramu nusu, na hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ikianguka chini ya wenzake kwa muda wote. Kwa mita 70 ninaitaka seti ambayo mshale mzito na mwepesi havitofautiani kwa zaidi ya gramu 0.1, inayozidi hapo huifanya ya mazoezi ya karibu.

Mlingano wa uzito kati ya kichwa na mkia wa mshale nao una mahali pake. Ulaze mshale uliokamilika juu ya kisu hadi utulie, weka alama, kisha pima kutoka katikati ya urefu wake hadi alama hiyo. Gawanya umbali huo kwa urefu wa mshale: kwa shabaha ya nje, jibu la kati ya asilimia 11 na 16 hufaa. Chini ya hapo mkia huyumba kwenye upepo, na juu ya hapo mshale huinamisha kichwa mapema.

Manyoya ni matatu, yakiwa yameachana nyuzi 120. Kwa uwanja wa nje hapa pwani nimeacha manyoya ya ndege na kutumia ya plastiki laini yaliyojikunja, kwa sababu manyoya halisi yakinywa unyevu hulegea na kubadilika umbo. Kuhusu noki, yaani kile kipande cha plastiki chenye pengo kilicho mkiani, kuna jaribio moja lisilodanganya: pachika mshale kwenye upote, ugeuze upinde ili mshale uning'inie ukielekea chini, kisha uugonge upote kidogo kwa kidole. Mshale unapaswa kuning'inia bila kushikwa na kuanguka kwa pigo hilo moja. Usipoanguka, uzi wa kufungia katikati ya upote ni mnene mno. Ukianguka wenyewe, ni mwembamba mno.

Kishikio cha mbao

Mipini mingi huja na kishikio cha plastiki kilichochongwa kwa ajili ya kiganja cha mtu wa wastani, na mtu wa wastani hayupo. Kishikio hicho huondolewa kwa parafujo moja au mbili. Kipeleke kwa seremala pamoja na mpini wenyewe, mwombe akichongee kingine ambacho upande wake wa ndani unaukumbatia mpini sawasawa kama cha kwanza, lakini upande wa kiganja umeachwa na mbao ya ziada. Mvule hufaa, na mbambakofi hufaa zaidi kwa uzito na ugumu wake, ijapokuwa unachosha tupa.

Mzee mmoja seremala aliyenichongea changu hakuwa amewahi kuushika upinde wa aina hii, lakini alilielewa tatizo haraka kuliko nilivyolieleza. Nilimwambia, "Fundi, hapa panauma, nikivuta mkono unateleza kushoto." Akachukua kipande cha mkaa jikoni kwake, akanipaka kiganja chote, akasema, "Haya mwanangu, shika kama unavyoshika huko uwanjani, halafu achia." Alama nyeusi ikabaki kwenye mbao katika sehemu mbili: moja chini ya kidole gumba, palipostahili, na nyingine upande wa kidole kidogo, pasipostahili kuguswa kabisa. Akaikwangua ile ya pili kwa tupa nyembamba, akafuta, akanipaka tena. Tulirudia hivyo mara saba au nane, na alasiri ilipokwisha alama ilikuwa moja tu.

Ndivyo inavyotakiwa. Shinikizo lote la upinde litue kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa mstari wa kiganja unaoizunguka nyama hiyo, na vifundo vya vidole vikae kwa mshazari wa kama nyuzi 45. Kiganja kikigusa kishikio upande wa kidole kidogo, kila mshale utasukumwa kwa namna yake. Ukikosea kuchonga, jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, isubiri ikauke usiku kucha, uanze tena. Mwishoni usipake vanishi inayong'aa, kwa kuwa kiganja cha Mombasa huwa na jasho na vanishi huteleza. Paka mafuta ya kitani mara mbili na uache mbao ipumue.

Upote

Kamba hukatikia pabovu, na upote hukatikia pale ulipofungwa kwa haraka. Kwa upinde wa inchi 68, upote ulionyooka huwa na urefu wa kama inchi 65, yaani pungufu ya upinde kwa inchi tatu. Pigilia nguzo mbili imara kwenye ubao mrefu kwa umbali huo, zungusha uzi wa polithini yenye nguvu, ule unaotumika kwa pinde, hadi upate nyuzi 18, kisha funga matundu ya ncha mbili na sehemu ya katikati kwa uzi wa kufungia wa nailoni. Mvuto wa uzi ni lazima uwe ule ule kwa kila mzunguko. Uzi mmoja uliolegea haubebi mzigo, na ile mingine kumi na saba hufanya kazi yake. Uzi wa zamani wa dakroni hurefuka sana unapovutwa, nao uuache kwa pinde za kujifunzia na zile ambazo mbawa zake hazikutengenezwa kwa uzi mkali. Paka nta ya nyuki, sugua kwa kipande cha ngozi hadi iingie kwa joto la vidole.

Upote ukishatiwa, zungushia mizunguko kadhaa upande mmoja ili uufupishe au uurefushe. Umbali kutoka upote hadi sehemu ya kishikio inayobonyea zaidi, kwa upinde wa inchi 68, huwa kati ya inchi 8.5 na 9. Anza na 8.5, fuma mishale mitatu, ongeza mizunguko mitatu, fuma tena, na sikiliza. Kuna mahali ambapo sauti ya upinde hupungua ghafla na mpini hautetemi tena mkononi. Pima hapo, uandike.

Kurekebisha

Mshale wa upinde wa kiwango hiki hutoka kwa kama mita 60 kwa sekunde. Utachukua zaidi ya sekunde moja kufika mita 70, na kwa muda huo ardhi itakuwa imeuvuta chini kwa karibu mita saba. Ukiliweka hilo akilini utaelewa kwa nini makosa madogo huku nyuma yanakuwa makubwa kule mbele. Nusu sentimita ya mvuto ikizidi, kasi huongezeka kwa asilimia moja hivi, na mshale hupanda zaidi ya sentimita kumi. Umeshatoka kwenye njano au umeukaribia ukingo wake. Ndiyo maana kuna klika, kibamba chembamba cha chuma kinachoukandamiza mshale na kulia mara tu kigumba kinapoteleza nyuma yake, kikikuambia kwamba mvuto umefika mahali pale pale pa jana.

Anza kwa kuuweka upinde juu ya viti viwili, simama nyuma yake, funga jicho moja, na utazame kama upote unapita katikati ya mbawa zote mbili na katikati ya mpini. Ukienda kando, rekebisha kwa vifaa vilivyo penye maungio ya mbawa kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha pima umbali kutoka upote hadi mzizi wa bawa la juu, na hadi mzizi wa bawa la chini; kwa anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, umbali wa juu uzidi wa chini kwa kati ya sifuri na milimita sita. Parafujo za mbawa hubadilisha uzito wa mvuto pia, lakini usizilegeze kupita kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa bawa linaweza kuchomoka.

Mahali pa kupachika mshale pawe kama milimita kumi, kwa kuanzia, juu ya pale ambapo mshale ungefanya pembe mraba na upote. Kigumba, ukikitazama kutoka nyuma, kionekane kimetoka kidogo tu kushoto kwa upote kwa anayetumia mkono wa kulia, milimita moja hadi mbili. Kitufe chenye springi, kinachouegemeza mshale pembeni, kiwekwe kwenye ugumu wa wastani.

Kisha chukua mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya, simama mita 18, na baadaye mita 30. Mshale usio na manyoya hauna cha kuuficha uovu wake. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ikianguka kushoto ya yenye manyoya wano ni gumu mno: legeza springi, au ongeza mvuto kidogo, au weka kigumba kizito zaidi. Ikianguka kulia, wano ni laini, nawe fanya kinyume. Ikianguka juu, mahali pa kupachika mshale pako chini mno, papandishe. Ikianguka chini, pashushe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usihukumu kwa mshale mmoja. Mimi hufanya juu na chini kwanza hadi itulie, ndipo nigeukie kushoto na kulia, kwa sababu kosa la juu na chini huugonga mshale kwenye kipumziko na kuharibu ushahidi wa pembeni.

Uwanjani

Kilengeo, yaani kifaa cha kulengea kilichofungwa kwenye upinde, kipo karibu sentimita 88 kutoka jicho lako, na shabaha ipo mita 70, mara themanini zaidi. Kwa hiyo milimita moja ya kilengeo ni sentimita nane kwenye shabaha, zaidi ya duara nzima. Kikaze kila parafujo yake, na ukishapata alama ya mita 18, 30, 50 na 70 ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe na upepo.

Kuhusu upepo, pwani ina utaratibu wake. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huchukua sehemu kubwa ya kipindi cha Aprili hadi Oktoba, na katika miezi yote upepo wa bahari huamka kadiri jua linavyopanda. Ukiwa na hiari ya kuchagua, panga njia ya kufuma ielekee kaskazini au kusini: hapa tulipo, nyuzi nne tu kusini ya ikweta, jua la asubuhi na la jioni litakuwa ubavuni badala ya machoni, na pepo hizo kuu hazitaupiga mshale ubavu mzima. Fuma alfajiri.

Mshale wa upinde huu huvuka mita 150 kwa urahisi ukikosa shabaha. Ufukweni hapafai, hata kunapoonekana kutupu, kwa kuwa mvuvi au mtoto hutokea popote. Tafuta kiwanja chenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, kwa ruhusa ya mwenyewe, na asiwepo mtu mbele ya mstari wa kufumia kwa vyovyote vile. Wala usiuachie upote usio na mshale hata mara moja, maana nguvu yote iliyostahili kwenda na mshale hurudi kwenye mbawa na kuzipasua.

Adui wa mwisho ni joto na chumvi. Siku moja ya Februari niliacha upinde kwenye buti ya gari nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, saa moja na dakika zake juani. Nilipoutoa upande wa pili, bawa la chini lilikuwa limejipinda kama ubao ulionyeshewa. Gundi kati ya mbao na fibaglasi ilikuwa imelegea, na halikurudi tena. Tangu siku hiyo upinde wangu huvuka nami, mkononi, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Kila jioni vua upote, pangusa mpini na parafujo kwa kitambaa chenye maji matamu kisha kikavu, tia tone la mafuta kwenye springi ya kitufe na kwenye maungio ya mbawa, na uulaze upinde chumbani mbali na dirisha linaloelekea bahari.